Ghuba Iliyopata Alama Nyingi

Nkende, Tarime
2 Juni 1974

Heche,

Wewe mura, kijana wangu, nani alikutuma useme kwamba Nyabwegi kuna samaki? Salamu sitoi. Utazipata ukishanijibu.

Jana Nyangwine, mwenyekiti wetu, aliita mkutano pale shuleni. Akasema operesheni ya kuhamia vijijini imefika Nkende. Kaya sitini za upande wetu wa mlima zitahama kabla mwezi wa nane haujaisha, ziende Ghuba ya Nyabwegi kuanzisha kijiji cha uvuvi. Halafu mzee mmoja akauliza, "Sisi tunajua ng'ombe na kulima wimbi. Huko ziwani nani aliwaona hao samaki?" Nyangwine akacheka, akaninyooshea kidole mimi. Mimi, mbele ya watu wote. "Mjukuu wa mama Mokami ndiye aliyewaona. Ana mashine inayoona chini ya maji. Mshukuruni bibi yake."

Hakuna aliyenishukuru. Waligeuka wakanitazama kama lori nimelileta mimi mgongoni. Leo asubuhi jirani yangu, ambaye watoto wake wanne nimewapokea kwa mikono hii akijifungua, amepita mlangoni kwangu bila kuniamkia.

Mama yenu alipokufa niliwalea wewe na dada yako Robi ndani ya nyumba hii. Maziwa ya ng'ombe wangu ndiyo yaliyokupeleka shule. Nilikupeleka ukasome vitabu, sikukupeleka ukasome maji. Na huko Nyabwegi wanakotupeleka, nasikia ni mawe matupu, jembe haliingii. Samaki wasipokuwepo tutakula nini? Mawe?

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima ameniwekea vituo tu, maneno yote ni yangu, na wewe uyajibu yote.

Ni mimi bibi yako,
Mokami


Musoma
13 Juni 1974

Kwa Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu. Nimefurahi sana kuona mwandiko wako. Hongera kwa kisomo.

Naomba usikasirike, nikueleze kazi yangu. Chini ya chombo chetu cha utafiti kuna kifaa kinachotoa mlio ambao sikio la mtu halisikii. Mlio unashuka majini, ukigonga kitu unarudi. Mashine inapima umechukua muda gani kurudi, na sindano inachoma alama kwenye karatasi inayojikunjua polepole. Sakafu ya ziwa inatokea kama mstari mweusi. Kitu chenye hewa tumboni, kama walivyo samaki wengi, kinatokea juu ya mstari huo kama vidoa. Hivyo tunajua chini kuna mwamba au tope, kina ni kiasi gani, na samaki wanakaa wapi, bila mtu kulowa hata kidole. Nchi chache sana zina mashine kama hii.

Siku tuliyopita Nyabwegi karatasi ilijaa. Niliandika nilichokiona. Kazi yangu mimi ni kusoma alama, mambo ya vijiji yanapangwa na wakubwa.

Nina habari njema. Bwana Athanas, mkuu wangu hapa chomboni, amenichagua kwenda ng'ambo mwezi wa tisa, kusomea mashine mpya zaidi kwa mwaka mmoja. Mtoto wa Nkende, Bibi.

Msiwe na wasiwasi juu ya kuhama, watu wengi wamehama na wamezoea. Ila mtakapohama msiuze mtama wala wimbi. Bebeni chakula chote mtakachoweza. Msalimie Robi na shemeji Marwa.

Mjukuu wako mtiifu,
Heche


Nkende, Tarime
23 Juni 1974

Heche,

Umeandika "mimi mzima, hofu kwako". Hofu umeipatia. Ninayo, imejaa, naweza kukugawia.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kidole juu ya neno, kutoka juu mpaka chini. Mambo ya sindano na mlio nimeelewa. Nimeelewa pia mstari mmoja uliouweka mwishoni kama mtu anayeficha kitu chini ya kitanda. Unatuambia tubebe mtama. Heche, mtu anayewapeleka wenzake kwenye samaki tele hawaambii wabebe mtama mpaka lori lijae. Ukimwalika mgeni kwenye harusi unamwambia aje na chakula chake?

Nikachukua fimbo yangu nikaenda kwa Kezia, mke wa Method fundi cherehani. Hukumkuta, ameolewa hapa juzi juzi. Kwao ni ziwani, kutoka kwao hadi Nyabwegi ni mwendo wa nusu siku. Nikamuuliza, "Kwenu mlikuwa mnavua Nyabwegi?"

"Kuvua nini, mama? Pale tulikuwa tunapita tu tukienda kuvua kwingine."

"Mjukuu wangu amewaona samaki pale. Kwa mashine."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Basi mwambie aje na kikaango. Pale kuna tope, na wale wadudu wanaoinuka majini kama moshi, mtu wa mbali anadhani ziwa linaungua. Tukiwa watoto tuliwanasa kwa ungo tukawakaanga. Mdudu akiwa mchanga anakaa topeni mchana kutwa. Jioni anapanda juu majini, yeye na wenzake, huwezi kuwamaliza."

Hapo nikakumbuka barua yako. Nikamuuliza kama mdudu huyo mchanga ana hewa tumboni. Kezia akaniangalia kama nimelewa. "Mama, nani anampasua mdudu?" Yeye hajui. Wewe unajua. Nijibu.

Jambo la pili. Nilikwenda kwa Nyangwine nikamwambia anionyeshe hiyo karatasi inayotuhamisha. Alinionyesha, si mtu mbaya, anaogopa tu. Kuna majina ya ghuba tano na maneno mbele yake. Nyingine zote: alama chache. Nyabwegi: imepata alama nyingi. Nyangwine akasema, "Unaona mama? Nyabwegi imeongoza. Imefaulu kuliko zote." Mimi kwenye mtihani wa kisomo nilipata alama nane katika kumi, kwa hiyo kufaulu nakujua, usidhani sikujui. Lakini nani alilifanyisha ziwa mtihani? Hizo alama ulizitoa wewe? Uliliuliza swali gani likajibu vizuri hivyo?

Na swali la mwisho, usilizunguke. Pale Nyabwegi mlishusha wavu? Kama mlishusha, mlipata nini?

Bibi yako,
Mokami


Musoma
5 Julai 1974

Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne. Nimejaribu kuijibu mara tatu nikachana karatasi. Sasa nitakueleza, lakini naomba isomwe na macho yako peke yako, hata mwalimu wa kisomo asiione.

Alama nilizoandika mimi ni vile vidoa. Niliandika, "Nyabwegi ina alama nyingi," maana yake karatasi ilikuwa na vidoa vingi. Ripoti ilipofika ofisini, karani mmoja aliyewahi kuwa mwalimu akaipiga chapa upya. Akaandika, "imepata alama nyingi." Amebadilisha neno moja. Kuanzia hapo kila aliyeisoma alidhani ghuba imepimwa, ikasahihishwa, ikafaulu. Karatasi iliyopigwa chapa ilipita mezani kwangu mwezi wa nne. Niliona lile neno "imepata". Nikaweka sahihi.

Kuhusu mdudu: ndiyo. Ana vifuko viwili vya hewa kila upande wa mwili, vidogo kuliko chembe ya wimbi, na mlio wa mashine unavigonga na kurudi kama unavyorudi kwa samaki. Siku ile injini ilitusumbua, tukaingia Nyabwegi jioni badala ya mchana. Karatasi ikawa nyeusi tii. Nilifurahi, Bibi, nilipiga makofi. Asubuhi yake tulipita tena mahali palepale, karatasi ikatoka nyeupe. Tukashusha wavu saa nzima. Tulipata samaki wadogo waitwao furu, kumi na mmoja tu, na tope linalonuka. Ukurasa wa wavu, nilioandika tulichovua, sikuuambatanisha na ripoti. Bwana Athanas alikuwa na homa nchi kavu siku hizo, aliamini kazi yangu, na kwa kazi hiyo ndiyo amenichagua. Nikisema leo kwamba nilisoma wadudu nikaacha watu waamini ni samaki, na kwamba nilijua, atapelekwa mwingine ng'ambo. Huenda na kazi ikaisha.

Nimefikiri njia. Nimepata chumba hapa Musoma, kizuri, kina bati. Njoo wewe na Robi, na Marwa atafuata. Ninyi hamtahama kwenda Nyabwegi. Hao wengine, serikali haiwezi kuwaacha wafe na njaa. Usimwambie mtu.

Wako,
Heche


Nkende, Tarime
16 Julai 1974

Heche,

Barua yako imefika jana Jumatatu. Robi ameondoka Jumamosi.

Lori la kwanza lilichukua kaya kumi na mbili, na Marwa alikuwa wa tano kwenye orodha. Waliezua nyumba yao saa moja asubuhi, saa nne walikuwa juu ya magunia. Robi ana mimba ya miezi saba. Nilimwambia asiende, angoje barua yako. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Bibi, unaogopa nini? Ni kaka yangu ndiye aliyewaona." Wanawake wengine walikuwa wanalia, yeye akawa anawatuliza, anawaambia kaka yake anaijua ile ghuba kama kiganja. Alipanda anacheka.

Basi soma hapo tena. Alipanda anacheka kwa sababu yako.

Unanipa chumba cha bati. Nikae Musoma naangalia maji, na jirani yangu yuko Nyabwegi anaangalia maji hayohayo, yeye ana njaa, mimi nina bati. Hao unaowaita "wengine" wana majina. Ulikula kwao. Wewe ulipokuwa na surua, ni hao waliokaa na Robi wiki tatu asije akaambukizwa. Nilidhani shule inamwongezea mtu akili juu ya ile aliyotoka nayo nyumbani. Kumbe nyingine inaondoa ile ya zamani ndiyo iweke mpya.

Kwa kosa la karani sikulaumu. Kosa la wadudu pia sikulaumu, hata mimi nikiona vumbi barabarani nasema ng'ombe wanakuja, kumbe ni upepo. Nakulaumu kwa ule ukurasa wa wavu. Ule uliushika mkononi, ukaujua, ukauficha.

Nenda Nyabwegi ukamwone dada yako. Si kwa chombo, nenda kwa miguu yako, ukae naye, ule anachokula. Halafu niandikie. Uniandikie ukweli wenyewe, si ule wa kuniambia nibebe mtama.

Mokami


Musoma
24 Julai 1974

Bibi,

Shikamoo. Nimekwenda. Nimerudi jana.

Wanakaa chini ya maturubai mawili. Wameanza kukata miti lakini ni mbali kuifuata. Marwa ameazima wavu, kwa siku tisa amepata kambare wawili, na hao aliwapata mtoni, si ziwani. Wanakula mtama. Ni kweli waliubeba. Wameniambia utawatosha mpaka katikati ya mwezi wa nane, kama hakuna lori jingine la watu. Maji ya kunywa ni ya ziwa. Watoto watatu wanaharisha. Robi ana homa ya vipindi, miguu imevimba, anasema ni mimba tu.

Hakunigombeza. Hakuna hata mmoja aliyenigombeza, ndiyo maana nilishindwa kusema. Walinipa kigoda. Robi akanishika mkono akanipeleka ufukweni, akasema, "Marwa hajui pa kutupa wavu, anatupa ovyo. Kaka, nionyeshe samaki wapo upande gani."

Nikanyoosha mkono, Bibi. Nilimwonyesha upande. Marwa akaingia majini palepale.

Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo. Nakutumia vitu vitatu humu ndani: kipande cha karatasi ya mashine ya jioni, kipande cha asubuhi, na ukurasa wa wavu. Mpe Nyangwine. Yeye ni mwenyekiti, akivipeleka juu watamsikiliza. Bwana Athanas amepona na yuko hapa, lakini kila nikifika mlangoni kwake namkuta anaandika barua za safari yangu.

Nisamehe.
Heche


Nkende, Tarime
31 Julai 1974

Heche,

Barua hii haipiti posta. Method anakwenda Musoma kununua uzi, ataiweka mkononi mwako na atasimama hapo mpaka umalize kuisoma. Usimwambie arudi kesho.

Karatasi zako nilizipeleka kwa Nyangwine siku ileile zilipofika. Nilizitandaza mezani kwake. Akashika ile ya jioni. "Hii nyeusi ndiyo nzuri?"

"Hiyo nyeusi ni wadudu."

"Na hii nyeupe?"

"Nyeupe ndiyo kweli."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama Mokami, hebu nisikilize. Nikimpelekea Mkuu wa Wilaya karatasi nyeusi nikamwambia ni tupu, na nyeupe nikamwambia ndiyo ya kuaminika, ataniuliza nimesomea wapi. Nitamjibu nimesomea kwa bibi wa kisomo? Hizi alama ni nyingi, mtu yeyote anaziona ni nyingi. Wataisoma tena kama walivyoisoma mwanzo." Nikamwambia kuna ukurasa wa wavu. Akausoma. Akasema hauna sahihi. Nikautazama, kweli, hauna. Ule wa uongo ulitia sahihi, wa kweli hukutia. Nilitamani nikutandike.

Lakini Nyangwine hakukosea. Hizi karatasi bila mdomo wako ni za kufungia chumvi. Umenituma mimi nikaseme, mimi nimeshindwa, na yeye nikimtuma atashindwa. Aliyeliona ni wewe. Hata mtu akisoma barua zako zote mpaka mwisho hatakuwa ameshusha wavu.

Sasa sikiliza. Lori la pili litaondoka hapa Jumamosi tarehe kumi, kaya ishirini, na mimi nimo. Mtama wa Nyabwegi hautoshi hata waliopo, wewe mwenyewe umeandika. Lakini Alhamisi tarehe nane Mkuu wa Wilaya atakwenda Nyabwegi kukikagua kijiji kipya, Nyangwine ataongozana naye kwenye gari, na ameniahidi kwamba hatamruhusu aondoke kabla ya jioni. Hilo ndilo aliloweza. Amelisema baada ya kufunga mlango na dirisha, kwa hiyo namwamini.

Leo ukimaliza kusoma, nenda kwa Athanas. Ukimkuta anaandika barua za safari yako, mwambie aweke kalamu chini. Mwambie la wadudu, mwambie la ukurasa wa wavu, na la neno la karani uliloliona ukaweka sahihi. Mwambie wewe kwanza, asilisikie kwa mwingine. Chombo kiko chini yake, bila yeye huna cha kufika nacho. Akikufukuza kazi, muombe akufukuze Ijumaa, Alhamisi ana kazi nawe. Safari ya ng'ambo ikikupita, ipite. Itaniuma, sitakudanganya, nilishaanza kuwaambia watu kwamba mtoto wangu anavuka bahari. Lakini Robi akifia pale kwenye mawe, kaburi lake hata kuchimbika halichimbiki.

Alhamisi chombo kiwe Nyabwegi mapema. Mpandishe Mkuu wa Wilaya ndani, na Nyangwine, na Marwa awepo. Jioni, saa ile karatasi yako inapokuwa nyeusi, washa mashine waione ikijaa. Waache wafurahi, waache wapige makofi kama ulivyopiga wewe. Halafu shusha wavu palepale, uvute mbele yao wote. Kitakachotoka usikimwage na usikieleze kwanza. Mwekee Mkuu mkononi, akishike, akinuse. Ndipo useme kwa mdomo wako, "Niliandika alama, sikuandika samaki, na nilijua samaki hawapo." Useme kwa sauti. Marwa asikie.

Ukishasema usisimame kungoja watakujibu nini. Shuka, mchukue Robi, mpandishe kwenye gari la Mkuu mbele na dereva, si nyuma kwenye vumbi. Akisema anaweza kungoja, usimsikilize, umpandishe. Mlete Nkende.

Mokami